Siku Ile Sikuwa Naumwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Presha yako inaendeleaje, na dawa unameza kila siku au mpaka uone kichwa kinauma? Mwanao nipo, Mungu bado ananishika mkono. Nimeamua kuandika kwa karatasi, maana kwenye simu ningeishia kuuliza habari za mvua na muhogo, halafu nikakata. Soma mwenyewe kwanza, mama.

Tulipotoka bandari ya mwisho bahari ilichafuka siku nne mfululizo. Sisi wa dobi tunafulia chini kabisa ya meli, hakuna dirisha. Mashuka ya watalii yanazunguka kwenye mashine, na wewe unaona hata sakafu inazunguka. Nilitapika mpaka nyongo. Rashidi, mwenzangu wa Tanga tunayelala naye chumba kimoja, alinicheka kwanza. "Mnyasa mzima," akasema, "mtu umekulia kwenye mtumbwi, unatapika kama umetoka Dodoma?" Kisha akanitafutia tangawizi na biskuti kavu, akanionyesha kulala chali juu ya marobota ya taulo, katikati ya meli, ambako haiyumbi sana. Nikapata nafuu kidogo.

Siku ya tatu, mchana, nimelala pale, nikasikia kugongwa. Mara tatu. Kimya. Tena mara tatu. Rashidi alisema labda bomba limelegea, meli yenyewe imezeeka. Mama, lile halikuwa bomba. Ni kafi la kaka Kosmas likigonga ubavu wa mtumbwi, vile alivyokuwa akiniita asubuhi twende tukavute nyavu. Nikaanza Baba Yetu, nikafika kwenye "utusamehe makosa yetu," ulimi ukagoma. Nikaanza upya. Ukagoma palepale.

Msimamizi wetu, mama mmoja wa Kifilipino, akaja kuniuliza kama naumwa kweli au nakwepa kazi. Hakuuliza kwa ubaya. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na sikuweza kumweleza.

Wewe nakueleza. Siku ile sikuwa naumwa. Upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuvuma, na nyavu zilikuwa ziwani tangu jana yake. Kaka akagonga. Mimi nikayaogopa mawimbi, nikajifunika blanketi, nikakwambia tumbo. Ukanipikia uji, nikaunywa wote. Kazi ya watu wawili akaenda kuifanya peke yake, na ziwa halijamrudisha hadi leo.

Kwenye matanga mkasema shemeji Magdalena ndiye aliyemsukuma mume wake kwenda, eti alitaka dagaa wa usipa wa kuwapelekea wazazi wake Litembo, eti mtu wa milimani anajua nini habari za ziwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, nikaitikia kwa kichwa. Na yeye alikuwa anajua yote. Asubuhi ile alikuwa nje na ndoo, akaniona nachungulia dirishani kaka akiusukuma mtumbwi majini. Siku anaondoka kurudi kwao, mtoto mgongoni, alisimama mlangoni kwangu.

"Shemeji, mimi sitakusema," akaniambia. "Utasema mwenyewe."

Miaka kumi na tisa, mama.

Sasa nakuomba, usitume mtu. Panda Litembo mwenyewe, dada Agnesi akusindikize. Mwambie Magdalena kwamba mlimwonea, na aliyewaacha mkamwonea ni mimi. Mwambie binti yake vilevile, maana amekua akijua kwamba mama yake alifukuzwa kwetu. Akikataa kukupokea usimlaumu, kaa hata nje mpaka amalize kukusikiliza. Kunikasirikia utanikasirikia, ni haki yako. Ila kwanza nenda.

Nisalimie huyo Agnesi anayekutunza, baba mdogo fundi wa nyavu, na mjomba wetu katekista. Mwombe mjomba aniombee, asiulize ni kwa ajili ya nini.

Leo bahari imetulia, watalii wamerudi juani. Sijarudi kulala kwenye zile taulo.

Ni mimi mwanao niliyekudanganya,
Edwini