Aliyeishika Tochi ya Mita Elfu Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Eden Prairie, Minnesota
Tarehe: Jumatatu, 8 Desemba 2025
Saa: Tisa na dakika kumi alasiri
Jina: Margaret Nkirote Wanjohi
Umri: Miaka 54
Kazi: Mhudumu katika nyumba ya wazee
Makao: Hopkins, Minnesota
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba ninayosema yanaandikwa na kwamba natakiwa kusema kweli. Jumamosi nilipoulizwa na polisi sikusema kweli. Leo nimekuja kwa hiari yangu kurekebisha.

Mume wangu ni Wanjohi Kariuki, miaka 58, dereva wa van inayowapeleka wagonjwa kusafishwa damu. Nyumbani namwita Baba Shekinah, kwa jina la binti yetu. Humu pia nitamwita hivyo, kwa sababu nikisema "Bwana Wanjohi" naona kama ninamzungumzia mtu wa benki.

Baba Shekinah anapenda tochi. Nyumba yetu ina tochi nyingi kuliko vijiko. Iko ya chooni, iko ya kabatini, iko ya mfuko wa koti la kanisani. Mwanzoni nilimcheka. Nilimwambia wanaume wenzake wakizeeka hutafuta mke wa pili, yeye ametafuta betri. Alicheka pia, na kesho yake akanunua nyingine.

Mnamo mwezi wa tisa mwaka huu, Fahim, ambaye anauza simu na chaja pale Hopkins, alituma picha ya tochi kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Ni kikundi cha watu wanaopenda tochi, karibu wote Wakenya, na wanaweza kubishana wiki nzima juu ya kioo kimoja. Tochi hiyo ina kichwa kikubwa kama sufuria ya uji, na walioitengeneza walisema mwanga wake unafika mita elfu mbili. Hawakuuza moja moja. Walitaka oda ya kumi. Fahim akaanzisha orodha kama tunavyofanya kwenye harambee: unanakili, unaongeza jina lako chini, unairudisha kwenye kikundi. Orodha ilifika nane ikakwama.

Baba Shekinah hakulala. Alipigia watu simu asubuhi na jioni. Alimpigia hata mchungaji. Muriuki, rafiki yake wa kanisani, hakuwa na haja na tochi ya aina yoyote, lakini alijiandikisha ili simu ziishe. Ikabaki nafasi moja, na Baba Shekinah akaandika jina lake mara ya pili. Mbele yake aliandika, "Hii ni ya gari la kazi."

Fahim alimwuliza mbele yangu, dukani, "Mzee, kwani gari halina taa?"

Akamjibu, "Ziko, lakini zimefifia."

Ile van ni mpya. Taa zake zinaweza kumuamsha mtu kaburini. Nilisikia jibu hilo, nikaendelea kuchagua kava ya simu. Hapo nilikosa kwa kunyamaza.

Tochi zilifika wiki iliyopita. Mnamo Jumamosi tarehe 6 Desemba, saa kumi na nusu jioni, tulikutana kwenye bustani moja ya ziwani hapa Eden Prairie ili kuzijaribu. Tulikuwa watano: Fahim, dada yake Fathiya, Muriuki, Baba Shekinah na mimi. Wengine walikuwa kazini. Desemba ya hapa jua halina subira, na giza lilikuwa linaingia. Fahim na Fathiya waliswali magharibi kwanza, juu ya mkeka waliotandika kwenye theluji, na sisi tukangoja. Hakuna aliyegusa tochi. Mimi nilikuwa na chupa ya chai, na Fathiya alikuwa ameleta mahamri.

Kabla ya kuwasha, Fahim alisoma masharti mara mbili: mwanga usielekezwe barabarani, wala kwenye nyumba za watu, wala angani. Wote tuliitikia kama watoto wa shule.

Saa kumi na moja na dakika tano aliwasha. Mwanga ulipita juu ya ziwa lililoganda ukafika ng'ambo, na pale kwenye miti alikuwa amesimama kulungu, ametutazama. Muriuki, yule asiyetaka tochi, alisema, "Aisee! Hebu nishike." Fathiya alipiga makofi. Baba Shekinah aliufuata ule mwanga kwa macho mpaka kwenye miti. Kisha akasema, "Margaret, namuona. Naona mpaka ng'ambo."

Alikuwa hajaniita Margaret tangu Shekinah azaliwe. Nilimtazama usoni nikaona machozi. Nilijiambia ni baridi, lakini nilijua si baridi.

Walishika hiyo moja kwa zamu, nyingine zikiwa bado kwenye maboksi. Zamu yake ilifika saa kumi na moja na dakika ishirini. Aliishika kwa mikono miwili, akaangaza ziwani, hakukosea sharti hata moja. Mimi nilikuwa kushoto kwake, hatua tano tu, namimina chai. Nikamwita, "Baba Shekinah, chai inapoa."

Akasema, "Uko wapi?"

Nikasema, "Si niko hapa?"

Akasema tena, "Uko wapi, Mama Shekinah?" Sauti yake ilikuwa na woga ambao sijawahi kuusikia kwake.

Akageuka kunitafuta, na tochi ikageuka naye. Mwanga ulinipita usoni. Nyuma yangu kuna barabara. Nikasikia breki, na nilipoweza kuona tena, gari la kijivu lilikuwa limeingia kwenye rundo la theluji kando ya njia.

Nilikimbia mimi wa kwanza. Aliyekuwa ndani ni mama wa makamo, alijitambulisha kama Susan. Hakuumia. Nilimvika shali yangu, nikampa ile chai ya Baba Shekinah, nikamwomba radhi kwa Kiingereza changu. Alinishika mkono akasema kwamba kwa sekunde chache hakuona chochote, na kwamba hajawahi kuogopa vile. Nilimwambia pole. Moyoni nilikuwa nasema, Mungu wangu, kumbe mtu wangu huishi hivi kila jioni.

Polisi mmoja alifika saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Aliuliza ni nani aliyekuwa ameshika tochi. Baba Shekinah alisema, "Ni mimi." Kabla hajafunga mdomo, Fahim alisema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyeagiza. Muriuki akasema hapana, ni yeye, na yule polisi aangalie mikono yake ilivyo na baridi. Fathiya akasema wanaume hawa wanamficha, ni yeye. Na mimi nikasema ni mimi, huku mkono mmoja una chupa ya chai na mwingine una kikombe. Yule polisi alibaki na kalamu hewani.

Naomba mtuelewe. Hatukupanga. Kwetu mtu akifiwa tunachanga, akiugua tunachanga, mtoto wake akienda chuo tunachanga. Siku hiyo lawama nayo tukaichanga, kila mtu akatoa fungu lake. Lakini ukweli ni kwamba aliyeishika ni Baba Shekinah, na ndiye aliyesema kweli peke yake. Sisi wanne tulimpenda mpaka tukauzika ukweli wake. Wale watatu walisema vile kwa wema, na naomba wasilaumiwe. Wao walidhani ni ajali ya mkono kuteleza.

Mimi ndiye ninayejua zaidi. Kwa miaka miwili sasa Baba Shekinah haoni vizuri gizani. Kitu kikiwa mbele yake na kikiwa na mwanga, anakiona. Kikiwa pembeni, hakipo. Ameacha mazoezi ya kwaya kwa sababu huwa ni jioni. Usiku hupapasa ukuta akielekea chooni na asubuhi ananiambia alikuwa anakagua rangi. Nimekuwa nikisogeza viti kabla hajaingia, nikijifanya napanga nyumba. Hatujawahi kulizungumza. Yeye aliniogopea, mimi nikamwogopea, tukaogopeana chini ya paa moja.

Na bado kila asubuhi saa kumi na moja, kabla ya mapambazuko, anawasha ile van akawachukue wagonjwa. Anasema njia zile anazijua hata akiwa amefumba macho. Zamani niliyachukua maneno hayo kuwa majivuno ya dereva. Wagonjwa wanampenda. Yuko ajuza mmoja wa Apple Valley humwekea peremende kila Jumatano. Tangu Jumamosi nikifumba macho namwona huyo ajuza, amefungwa mkanda kiti cha nyuma, anamwamini mume wangu.

Najua ninachokisema kinaweza kumnyima leseni na kazi. Mimi sijui kuendesha gari. Miaka kumi na minne Marekani nimekaa kiti cha abiria kama mama mkwe. Binti yetu yuko chuoni, mbali. Sijui tutafikaje kazini, kanisani, sokoni. Nililia sana jana, nikapika, nikalia tena. Shekinah aliniambia kwa simu, "Mum, just tell them," yaani waambie tu, kana kwamba ni kuagiza chakula. Lakini alisema kweli.

Leo saa tisa kasoro tulifika hapa, yeye akiendesha kwa kuwa bado ni mchana. Alipozima gari nilimwambia, "Baba Shekinah, naingia kuwaambia kuhusu macho."

Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Kisha akasema, "Nenda useme, Mama Shekinah. Mimi imenishinda."

Simchongei mume wangu. Nampenda, na nimechoka kumpenda kwa kusogeza viti. Naomba apelekwe kwa daktari wa macho kabla ya kupelekwa popote pengine. Naomba pia iandikwe kwamba hakuuelekeza ule mwanga kwa mtu yeyote kwa ubaya. Mimi ndiye niliyemwita. Alikuwa ananitafuta.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyaficha. Nimesomewa yote, nimeyatambua kuwa ni yangu, na natia sahihi.

(Sahihi) M. Nkirote Wanjohi

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya yamechukuliwa nami, Afisa Jotham Barasa, na kumalizika saa kumi na dakika ishirini. Mume wa shahidi, aliyekuwa akisubiri ukumbini, aliomba asomewe, na shahidi aliridhia. Nilimsomea taratibu, mkewe akiwa ameketi kando yake. Hakupinga lolote ila jambo moja: alisema si miaka miwili, ni minne. Shahidi alimshika mkono. Nimewaeleza taratibu za uchunguzi wa macho kwa madereva. Walipotoka giza lilikuwa limeingia, na Bi. Fathiya alikuja kuwachukua. Gari lao limebaki kwenye maegesho ya kituo kwa ruhusa yangu.