Paka wa Casimir

Likasi, tarehe 28 Agosti 1975

Kwa Yaya, dada yangu mpenzi Émérence,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Théodore na binti yenu Adrienne, pamoja na mama mkwe wako, ambaye najua atataka asomewe barua hii. Tafadhali usimsomee, msalimie tu. Goti lako linaendeleaje? Mihogo ya mwaka huu imekubali, au imeoza tena kama ile ya mwaka jana? Sisi huku kwa upande wa mwili hatujambo. Casimir anakwenda kazini, mimi napika, nafua, nafagia, na vumbi la kiwanda linarudi kabla sijaweka ufagio chini. Nimetumia majina yetu ya ubatizo kwa sababu barua hii inaletwa na Jean dereva kwa mkono wake, haipiti posta wala ofisi yoyote. Mwandiko unisamehe. Tangu nianze nimeinuka mara nne: mara kutazama sufuria, mara kufunga mlango, na mara mbili bila sababu yoyote.

Nitaanza na paka. Najua utacheka, cheka tu, lakini usiache kusoma.

Yule paka wa Casimir bado yupo. Miaka sita sasa, Yaya! Sikio moja limekatika, tumbo linaburuta chini, na bado anapita katikati ya nyumba yangu kama mwenye kambi. Kwetu tulikotoka paka alikaa ghalani, akala panya, basi, hakuna aliyemuuliza habari. Huyu hali panya. Huyu anakula samaki mkavu aliyelowekwa, na maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya moto, tena anakulia kwenye ile sahani ndogo ya bati niliyomnunulia Marcelline alipoanza kula uji. Ndiyo, Marcelline wetu, tuliyemzika pamoja nawe hapo Mulungwishi akiwa na miezi minane. Kila jioni Casimir ananawa mikono, anakaa mbele ya bukari, na kabla hajakata tonge ananiuliza, “Mutoto amekula?” Majirani wanaona ni mzaha wa mume mwenye moyo mwepesi. Wanacheka. Mimi nainuka nakwenda kuchochea jiko la mbabula hata kama makaa yanawaka vizuri.

Nimejaribu kumwondoa, Mungu anisamehe. Mwaka juzi nilimpa jirani yangu Philomène, ambaye panya walikuwa wamemwingilia mpaka kwenye mfuko wa unga. Nikamwambia Casimir kwamba tumemwazima tu. Hakubisha. Jioni ile ile akachukua sahani, akaweka samaki, akavuka barabara, akaketi uani kwa Philomène mpaka paka akamaliza. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Siku ya tano mume wa Philomène akasimama mlangoni akauliza ni mlo gani huo wa kila jioni unaomleta mwanaume kwa mke wa mwenzake. Philomène akanirudishia paka kwa kumshika shingo, akasema, “Mama, kamata kintu yako, minye sitaki bintu ya kuniharibia ndoa.” Tulicheka wote siku ile. Usiku nililia.

Siku nyingine nilimpiga na ufagio kwa sababu nilimkuta amelala juu ya kile kitambaa cha njano nilichombebea Marcelline. Casimir alikiokota, akakikunja. Unamjua, akikasirika hapigi kelele, anaacha kula. Aliacha siku mbili. Anakwenda kazini na njaa, anarudi na njaa, lakini paka amelishwa. Basi nikawa naishi hivyo, nikizunguka ndani ya vyumba viwili, paka akiingia mimi natoka, akitoka mimi naingia. Wanawake wa kambi wananiita mchapakazi. Si kazi, Yaya, ni kushindwa kukaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia, ingawa wewe ndiwe uliyemvika Marcelline nguo yake ya mwisho. Katika kitabu cha kampuni Marcelline hajafa. Kifo chake hakikuandikishwa. Kila siku ya posho karani anaita jina la mfanyakazi, la mke na la mtoto, na sehemu ya mtoto inatoka: unga, samaki, maziwa. Hicho ndicho anachokula paka. Casimir hajawahi kuonja hata kidole cha maziwa yale, wala hakuniruhusu mimi kuonja. Alisema siku ya kwanza kabisa, “Hii haiko ya sisi, iko ya mutoto.” Na kwa watu wa kambi, Marcelline yupo kwako Mulungwishi, analelewa na mama yake mkubwa. Ndiyo maana ukija huku nakuzuia usizungumze sana na majirani. Ulidhani naona haya kwa ajili ya kanga yako kuukuu. Haikuwa hivyo.

Hata mwaka wa sabini na mbili, tulipoamriwa kuacha majina ya wazungu na kuandikisha ya mababu, Casimir alikwenda ofisini na orodha ya nyumba yetu, akampa mtoto jina la bibi yake wa Kasai. Kabedi. Mtoto yuko ardhini miaka mitatu, akapata jina jipya. Sikujua nicheke au nimtupie kiti.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imekwenda miaka sita, na sasa imefika ukutani. Wiki mbili zilizopita lilibandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kambi: watoto wote wa wafanyakazi waliozaliwa mwaka wa sitini na tisa waletwe wao wenyewe, wapimwe na daktari, waandikwe shule kabla ya masomo ya Septemba kuanza. Jina la Kabedi liko katikati ya orodha. Philomène alikuja mbio kunipongeza, akasema hatimaye mtoto atarudi nyumbani, na kwamba atamsuka yeye mwenyewe. Nilimshukuru. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikafua nguo zilizokuwa safi.

Casimir hakuinuka. Alikaa siku tatu akifikiri, kisha akaniambia mpango wake kwa sauti ya chini, paka akiwa magotini pake. Jumamosi hii, baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, atapanda treni kuja kwenu. Ataleta kitenge kwa ajili yako, sukari, na tumbaku ya mama mkwe. Atakuomba umpe Adrienne aje kusoma huku. Atakuambia shule ya kampuni ni nzuri, kuna madawati na daktari ni bure, na yote hayo ni kweli. Hatakuambia kwamba Adrienne, akifika, ataitwa Kabedi. Atapimwa kama Kabedi, atasoma kama Kabedi, na akifaulu cheti chake kitaandikwa Kabedi. Nilimwambia Casimir kwamba mtoto wa dada yangu si kiraka. Akajibu kwamba anajua, lakini yule mtu wa kambi ya pili aliyeandikisha watoto wa kaka yake alifukuzwa kazi, akatolewa nyumbani kwake, na akalala gereza la Buluo miezi minne. Alisema hivyo akimshika paka kwa mikono miwili, Yaya. Sijawahi kumwona Casimir akiogopa hivyo, hata siku ile kaburini.

Jumatatu iliyopita ilikuwa siku ya posho. Nilisimama kwenye mstari na ndoo yangu. Joachim, karani, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaita jina la Casimir, akaita langu, kisha akaita, “Kabedi, mutoto.” Nikanyamaza. Akaita tena. Wanawake nyuma yangu wakanisukuma, wakidhani nimesinzia. Nikatoka kwenye mstari, nikasimama pembeni juani mpaka mtu wa mwisho alipopata unga wake. Ndipo nikaingia ofisini kwake nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kusema mtoto amefariki wiki hii. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, homa, usiku mmoja, mapenzi ya Mungu. Joachim akashika kalamu akaniuliza ni siku gani. Na mdomo wangu ukasema, tarehe kumi na moja Novemba, mwaka wa sitini na tisa. Hakuna siku nyingine ninayoijua.

Akaweka kalamu chini. Akaenda kabatini, akatafuta kitabu cha zamani, akafungua ukurasa wa tarehe kumi na saba ya mwezi ule, siku sita baada ya kifo, akaniuliza ni nani aliyekuja kupokea posho ya mtoto siku hiyo.

Yaya, hapo juu nimeandika kana kwamba haya yote ni ya Casimir. Paka wake, ukimya wake, mpango wake. Sivyo. Tulirudi kutoka kwako Jumapili. Jumatatu Casimir alikwenda kazini mapema, mimi nikaenda kwenye posho kwa sababu ndivyo miguu ilivyozoea. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, sikuwa na mdomo wa kusemea. Karani akaita, “Marcelline, mutoto.” Nikajibu, “Iko.” Hakuna aliyenifundisha. Nilijibu kwa sababu alimwita, na mama huitikia mtoto wake anapoitwa. Philomène akaniuliza mbona mgongo mtupu, nikasema amebaki Mulungwishi kwa yaya wangu. Basi. Casimir alirudi jioni akakuta maziwa na samaki mezani. Hakuniuliza, hakunikaripia. Alikataa kuvila, akakataa kuvitupa, na kesho yake akaja na kipaka kidogo cha ghalani ndani ya kofia yake ya kazi, ili chakula kile kiwe na mdomo na mimi nisiwe mwizi. Mara mbili baadaye aliniuliza kwa upole kama twende tukaandikishe kifo. Mara zote mbili nilimwambia bado. Nilipenda kusikia jina lake likiitwa. Hata lilipogeuka kuwa Kabedi, jina ambalo sikumpa, nilioga na kuvaa kitambaa kizuri siku ya posho ili niende kulisikia. Casimir wa watu amebeba uongo wangu miaka sita na hajaniambia hata siku moja kwamba ni mzito. Na mimi nilimchukia paka wake, kwa sababu kila jioni alikula mbele ya macho yangu kile ambacho mwanangu hawezi kula.

Nilimwambia Joachim yote hayo. Alivua miwani. Alisema orodha lazima iondoke Jumatatu asubuhi na hawezi kuificha, lakini atangoja mpaka saa mbili, mimi na mume wangu tuje pamoja, maana mtu aliyekuja mwenyewe hatazamwi kama mtu aliyefuatwa. Hakuahidi kitu.

Casimir hajui. Nimejaribu jioni tatu. Alipoona sehemu ya mtoto haikuja, nilimwambia wameizuia mpaka tumwandikishe shule. Uongo mwingine, na ndio uliomfanya aongeze haraka ya kuja kwenu. Nikimwambia hapa nyumbani atanibembeleza nirudi kwa Joachim niseme akili ilinipotea kwa siku moja, na nitakubali. Najijua. Kwa hiyo ninakuomba mambo mawili, wala sina haki ya kuomba hata moja. Usimpe Adrienne, hata akilia. Na kabla hajakaa, kabla hajafungua huo mzigo wa kitenge, mpeleke kaburini. Hajafika tangu tulipozika. Kila mara nilipokuja kwako alisema ana zamu. Mwambie hapo hapo kwamba nimemwambia karani yote, na kwamba nimesema ni mimi niliyeanza. Kisha mpe chakula, mwache alale, na Jumapili umpandishe treni. Jumatatu nitakwenda naye. Akikataa, nitakwenda peke yangu.

Tangu Jumatatu paka hana posho. Namgawia samaki wangu nusu kwa nusu. Anakula, anajilamba, ananitazama, hana kinyongo. Ni paka tu, Yaya. Miaka yote hiyo alikuwa paka tu.

Nisalimie shemeji Théodore sana, mwambie namheshimu. Mbusu Adrienne kwa niaba yangu, mwite kwa jina lake mara nyingi. Mama mkwe mwambie tumbaku inakuja. Jean ananingoja barabarani na injini inanguruma, siwezi kuisoma tena barua hii, makosa utayasahihisha mwenyewe. Wakituachia nyumba, utanikuta hapa siku yoyote. Wakituondoa, tafadhali fagia kile chumba cha nyuma, kwa watu wawili na paka.

Mdogo wako,

Mélanie