Zawadi ya Bi Mkubwa wa Mwanza

Alhamisi, Agosti 2018. Stafford, Texas. Joto la kijinga, na mimi nimerudi kutoka kazini nikiwa kwenye hali hiyo hiyo.

Naandika kuhusu mtu aliyejiita Frank. Jina lake halisi silijui na sina haja nalo. Wezi nimewaona wa kila aina, lakini mwizi anayeanza na shikamoo nilikuwa sijampata.

Wiki mbili zilizopita niliweka tangazo la kuuza Corolla yangu, mtandaoni na kwenye kundi letu la Watanzania wa Texas. Ada ya muhula wangu wa mwisho wa unesi inadaiwa, na sina mali nyingine ya kuuza. Zuhura wa Cedar Hill, kule Dallas, naye akaweka gari lake wiki hiyo hiyo. Ni mdogo kwangu, tumeshikana kama ndugu tangu alipofika nchi hii. Ana mimba kubwa, anatafuta tiketi ya mama yake aje amsaidie kujifungua.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa Papa Kazadi, mzee wa Kikongo anayekaa Gulfton, hapa Houston. Alilala chini ya gari na shati lake jeupe, akatoka amekunja uso. "Mama, hii voiture inachoka kabisa. Upunguze bei." Alitaka twende naye benki kwake, alipe mbele ya karani nikiona kwa macho yangu. Nilimwona mshamba. Nilimjibu kwa mkato mpaka akaondoka.

Kesho yake ndipo Frank akaandika. "Shikamoo dada. Pole sana na msiba wa Mzee, namba yako nimeiona kwenye tangazo la michango." Mimi ndiye mhazini wa michango ya misiba, kwa hiyo namba yangu iko kwenye kila tangazo la msiba, Houston hadi Dallas. Yaani aliangalia picha ya marehemu, akanakili namba iliyo chini yake, akaja na pole. Hata fisi husubiri watu watoke makaburini.

Nami nikaitikia marahaba.

Alisema yuko kazini kwenye visima vya mafuta baharini, hawezi kuja kuliona gari. "Ila usijali dada, nita-handle shipping yote. Ni zawadi ya bi mkubwa, Mwanza." Hakuuliza gari limetembea kiasi gani. Hakuomba nipunguze hata kidogo. Sisi tunabishania bei ya fungu la nyanya, yeye ananunua gari zima bila kukohoa, na mimi mwanamke mzima nikaona huo ndio ustaarabu. Kumwomba kitambulisho niliona haya. Mtu ameshakupa pole ya msiba, utamdaije kitambulisho?

Hundi ilifika Alhamisi iliyopita, ikiwa imezidi bei. Kilichozidi, akasema, nimtumie msafirishaji kwa simu haraka, meli inaondoka. Nikaipeleka benki, na Jumamosi hela zikaonekana kwenye akaunti yangu. Hapo ndipo wanapotukamata. Benki inakuonyesha hela kabla haijajua kama hundi ni ya kweli. Ikija kugundua ni karatasi tu, inachukua zake zote, na ulichokwisha kumtumia msafirishaji ni hasara yako.

Jumatatu nilikuwa nimtumie. Kabla ya hapo nikaingia kusafisha gari, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani.

Usukani uko kushoto.

Nyumbani magari yana usukani wa kulia. Nani anampelekea mama yake mzazi Mwanza gari la hivi, awe analipita lori kwa maombi? Nimeishi na usukani huo miaka yote, na siku nane nzima sikufikiria. Nikatafuta mwenyewe namba ya benki iliyotajwa kwenye hundi, si ile iliyochapwa juu yake, nikapiga. Hundi hiyo hawaijui. Nikaitaarifu benki yangu, kisha nikamwandikia Frank kwamba nataka tukutane benki kwake, hundi nyingine itolewe mbele yangu. Akapotea, na picha yake ikapotea naye.

Nilicheka peke yangu mle garini. Nilijiona mjanja kuliko Texas nzima.

Sasa niseme lililonileta hapa. Kwenye kundi sikusema neno. Mhazini wa watu, mshika michango ya wajane, atangaze kwamba nusura aliwe kwa shikamoo? Nawajua wale. Mbele ya watu wangenipa pole, na pembeni wangeulizana hela za msiba ziko salama kweli. Nikawadharau wote kwa maneno ambayo walikuwa hata hawajayasema. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, Jumatano kimya.

Leo nilipotoka kazini roho ikanisuta. Nikaandika yote kwenye kundi: jina, hundi, msafirishaji, na siku niliyogundua.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Zuhura. "Dada, kumbe ulijua tangu Jumatatu? Huyo wa shipping mimi nimemtumia jana mchana."

Jana mchana. Jana mchana nilikuwa kazini nakula wali, na ninajua.

Nimempigia simu na hakupokea. Frank ni mwizi, nimemtukana vya kutosha. Lakini Frank hakujua kwamba Zuhura ana mimba. Mimi nilijua.

Papa Kazadi nimemwomba radhi, atakuja Jumapili na masimango yake, na bei yake nitaikubali. Kesho alfajiri naondoka kwenda Cedar Hill, nikakae na Zuhura huko benki, ingawa najua watakachotuambia.

Zuhura hajawahi hata siku moja kunipita bila kuniamkia. Kesho akifungua mlango akasema shikamoo, nitaitikia kwa uso gani?