Ufunguo Chini ya Mto

Jumatano usiku

Eti mchawi! Mimi, ninayefundisha watoto kanisani kila Jumapili.

Leo wamama walivuta mitungi yao kando nilipofika kwa mfereji na mtungi wangu. Mama Kioko, jirani yangu na rika langu, ndiye aliyeongea: "Mwalimu, ulikuwa unatafuta nini nje usiku wa manane, na leso tu?"

Nilikuwa natafuta upepo. Nesi wa zahanati ya Kathonzweni alinieleza kwamba hedhi inaelekea kukoma, ndiyo maana usiku naungua, usingizi unapotea, na mchana nafokea kila mtu. Lakini hayo ningeyasemaje mbele ya vijana wanaochota maji na punda? Nikamtusi. Sasa wana sababu mbili za kuniita mchawi.

Bwana wangu hakunikemea. Alifunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo chini ya mto wake. "Ni kwa usalama wako, Mama Mwende," akasema. Sasa anakoroma.

Naogopa. Watu wamechomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko haya.

Joto limeanza tena, shingoni. Nimefungua dirisha, kidogo tu.

Tochi ya Mama Kioko imewaka palepale uani kwake, ikanimulika usoni.

Kumbe naye, rika langu, halali.