Mstari wa Ghadeer Baina ya Wanaume na Wanawake

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimekunywa kahawa kwa shoga yangu Masouda, Wattaya. Binti yake Reem anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Anataka mwaliko wa mtandaoni, watu wabonyeze kwenye simu wasome. Hajamaliza kusema, nikamwambia binti yangu Ghadeer atakutengenezea. Kasoma kompyuta miaka minne, Maskati nzima hana mpinzani. (Mwenyewe sijamuuliza.) Masouda kasema vyema, na kaka yake Yaqoob atauona. Huyo Yaqoob ana ofisi Al Khuwair, kazi yao ndiyo hiyohiyo, na anatafuta mtu.

Ghadeer mwaka wa pili huu yupo nyumbani, anapeleka maombi ya kazi, hajibiwi. Juzi kasema bora akauze manukato dukani. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani!

Nilipomwambia, kanuna. "Mama, unaninadi kama samaki." Halafu kafungua laptopu.

Jumatano, 5 Novemba

Ukurasa umetoka. Mzuri mashallah, juu una maua ya asumini. Chini safu mbili: kushoto wanaume, ndoa msikitini; kulia wanawake, sherehe ukumbini. Ghadeer kasema, usimpelekee mtu, bado. Nikasema sawa. Kaingia kuoga — nikaupeleka kwenye grupu la jamaa. Na kwa Masouda. Ningefanyaje, na mimi ni mama.

Mara Nasriya, mdogo wangu wa Hail, kanipigia, kicheko kimembana. Safu zimekaribiana, yeye kasoma toka safu hii mpaka ile, kama barua: "Wanaume wanawake, baada ya Alasiri saa mbili usiku, msikitini Wattaya ukumbini Hail. Dada, sasa mie na gauni langu niende wapi, msikitini?"

Masouda hakucheka. Kasema mpaka kesho jioni pasipoeleweka nani anakwenda wapi, atachapisha kadi, na Yaqoob hana haja ya kuona kitu.

Ghadeer hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nimempikia mkate wa kumimina, kala kipande kimoja.

Alhamisi, 6 Novemba

Tangu asubuhi nimekaa ubavuni mwake. Kasema dawa ni mstari, usimame katikati ya safu mbili. Nikasema weka mnene, wa dhahabu, kama kikuku. Kacheka — mara ya kwanza leo. "Mama, mstari mzuri ni ule mtu asioujua kama upo." Akauweka mwembamba, rangi ya kijivu. Mie naona dhahabu ingependeza.

Kisha kageuza ukurasa kwa Kiarabu. Safu zikabadilishana upande, maana Kiarabu huanza kulia, na mstari ukakimbilia pembeni kabisa, umesimama peke yake kama mgeni asiyetaka kupigwa picha. Katikati hapana kitu. Ghadeer kashika kichwa. Kumbe kauambia ukae kushoto kwa wanawake, na kwa Kiarabu wanawake wenyewe ndio wamekwenda kushoto! Kafuta, kauambia ukae baina yao, popote watakapokuwa. Ukakaa.

Akajaribu kwenye simu ndogo. Safu zikapandana, wanaume juu, wanawake chini, na mstari ukalala kati yao. Nikamwita mume wangu Amur aje aone. Kasema, "Mstari tu huu?" Nikamwambia toka.

Ghadeer kampelekea Masouda, naye kajibu kabla ya Maghribi: Sasa nimefahamu. Kadi hazina haja tena.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimerudi toka harusini Hail, miguu inaniuma. Ukumbi ulijaa. Hakuna mwanamke aliyepotea. Nasriya kaja na gauni lake, kawaeleza meza nzima kisa cha msikiti, wamecheka mpaka wanja umewatoka. Nikawaambia wote aliyetengeneza ni Ghadeer. Wengine mara mbili.

Ghadeer alikuwa kwenye kona anasoma simu. Ujumbe wa Yaqoob: Nani aliyeweka mstari huu? Kama ni wewe, njoo ofisini Jumapili.

Jumapili, 16 Novemba

Al Khuwair. Nnaandika ndani ya gari. Amur kamleta Ghadeer, nami nimekuja kwa nguvu. Kabla hajashuka kanishika mkono. "Mama, habari hii usimpelekee mtu. Bado."

Yupo ndani muda sasa. Bendera zimeshafungwa njia nzima kwa ajili ya sikukuu ya taifa, nimezitazama mpaka nimechoka.

Nasriya kapiga. Upo wapi, dada? Nimemwambia nipo Wattaya, naangalia magari ya kununua na Amur. Amur kageuka kunitazama. Miaka thelathini ya ndoa hajanisikia nikificha sifa.

Mlango wa vioo umefunguka. Ni Ghadeer, na Yaqoob nyuma yake. Nilidhani anaagwa, lakini hawatoki. Wamesimama palepale, Ghadeer anazungumza, kidole kinachora mstari hewani, toka juu mpaka chini. Halafu anaulaza. Yaqoob anamsikiliza, mkono bado umeshika mlango.

Simu inalia tena. Nasriya. Nimeifunika kwa shela.