Mama Ameligusa Shamba la Juu

Nyumba ya juu ya daraja,
Jumapili alasiri.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya yote, kifua chako kinaendeleaje? Ulisema kwenye simu kwamba baridi ya huko imekuingia. Na bwana, na watoto, hawajambo? Sisi tupo. Mgongo wangu unalalamika kidogo. Mama anakula vizuri, ila macho yake sasa hayaoni hata mwanga wa dirisha. Anasema haidhuru, mengi ya kuona alishayaona.

Nyumba imekuwa kubwa mno tangu kaka yako atuache. Juzi nilijikuta nimeweka vikombe vitatu mezani. Mama alivigusa kimoja kimoja. Nikarudisha kimoja kabatini.

Nakuandikia kwa sababu ya shamba la juu. Nakumbuka uliyosema siku ya maziko, kwamba kazi ya mikono ya kaka yako isiachwe, tuendelee kulilima. Nimejaribu, wifi. Lakini kila mvua ikinyesha, udongo unashuka mpaka kwa fundi cherehani, jirani yetu wa chini. Unamjua kwa mizaha. Aliniambia, “Shemeji, shamba lenu linanitembelea sana siku hizi, na hata hodi halipigi.” Nilicheka, kisha nikamsaidia kuzoa tope jikoni. Mkewe hakucheka.

Mwezi uliopita walikuja wataalamu wa ramani. Walizunguka mlima mzima wakipima miteremko, na wana picha zilizopigwa kutoka angani. Wanataka tupange wenyewe wapi palimwe, wapi pachimbwe matuta, na wapi paachiwe miti, ili udongo usituishie. Kwa kuwa wengi wetu ramani ya karatasi inatupiga chenga, walijenga mlima wa maboksi katika darasa moja la shule. Maboksi yamekatwa kufuata ramani, yakabandikwa tabaka juu ya tabaka. Palipo tambarare, tabaka zimeachana kama ngazi pana. Penye mteremko mkali zimebanana. Kila familia inatafuta shamba lake na kuchomeka pini: ya njano ni kulima, ya kijani ni miti.

Shamba letu la juu walilipendekezea pini ya kijani. Mama akakataa katakata. Alisema jasho la mwanawe si la kuchomwa pini.

Jumatano nikampeleka akaliguse mwenyewe. Mtaalamu wao, mwanamke mpole ambaye watu wamembatiza Mama Mteremko, alimwekea kiti karibu.

“Sasa uzee huu mnanichezesha viboksi,” mama alisema, lakini mkono akanyoosha.

Alipapasa polepole. “Huu mto. Hili daraja. Hapa kwetu, siyo?” Waliokuwa wakigombania mipaka wakageuka kumtazama. Kutoka nyumbani vidole vyake vikaanza kupanda, mara vikakwama.

“Hapa kuna ukuta.”

“Si ukuta, bibi. Hapo ndipo linapoanza shamba lenu la juu,” alisema Mama Mteremko.

Akapapasa tena, juu na chini. “Mwanangu alikuwa anapita hapa na gunia la samadi?”

“Ndiyo, mama,” nilimjibu.

“Aliniambia ni hatua chache tu nyuma ya nyumba.”

Unakumbuka, wifi, kaka yako alipolifungua shamba lile macho ya mama yalikuwa yameshafifia. Alilijua kwa maneno ya mwanawe tu. Kila jioni akishuka, kaka yako alikaa kwanza kwenye lile jiwe nyuma ya jiko mpaka pumzi itulie, ndipo aingie akipiga mluzi kama mtu aliyetoka dukani. Hata mwaka wa mwisho, kifua kilipokwisha kumshinda. Mimi nilimpelekea maji pale pale kwenye jiwe, na hatukuwahi kulizungumza.

Mama aliomba pini ya kijani. Nilimshika kiganja, akaichomeka mwenyewe. “Wekeni miti,” alisema. “Mti ukishafika kule juu, hauna haja ya kushuka jioni.”

Mpango utapitishwa mwezi ujao, wenye shamba wote wakikubali. Limebaki neno lako. Sikulazimishi, maana nami shamba lile linaniuma. Ukisema hapana, nitaendelea kupanda na jembe mpaka magoti yagome. Ila ningekuomba ukubali. Kipande cha chini, chenye matuta aliyoyachimba kaka yako, kitabaki kuwa bustani yetu ya mboga.

Nisalimie bwana, na uwabusu watoto. Shangazi anakusalimu sana. Fundi cherehani naye anauliza kama huko nguo huwa zinachanika, aje.

Mama hakutuma maneno mengi. Tangu Jumatano, nilipomsimulia habari za lile jiwe, kila jioni ananiomba nimwongoze hadi hapo. Anakaa tu. Jana nilimpelekea maji.

Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mke wa kaka yako.