Aliyeuita Ugali wa Mama Yake Taka

Mama Atusaye, shikamoo. Nimechoka kabisa, naomba unisikilize mpaka mwisho. Mimi ni msichana wa Kidato cha Pili hapa Sumbawanga, kwetu ni upande wa Mpui, na muhula huu mwalimu wa Historia alituagiza kila mmoja aandike habari za mzee wa ukoo wake, nami nikamchagua baba yake bibi yangu Bertilla, mzungu seremala aliyekuja Ufipa enzi za Wajerumani, akaoa Mfipa, akafia huku, lakini kila ninayemwuliza ananipa taifa lake, baba anasema Mjerumani, shangazi Stefania anasema Mgiriki, "kwani si alikuwa na ndevu?", mpaka nilipokwenda kwa padre akanifungulia kitabu cha ubatizo, na humo bibi ameandikwa kwa Kilatini kwamba baba yake ametoka Dania, yaani Denmaki, nikafurahi mno, nikapeleka insha kwa Mwalimu Andwele, naye akacheka mbele ya darasa zima: "Denmaki? Andika Mjerumani, kaa chini."

Hilo ningelivumilia. Linaloniumiza ni bibi. Yeye peke yake ndiye ajuaye kaburi lilipo, na mavuno yakiisha tunahamia kijiji cha ujamaa, kule kwetu kutabaki pori, basi nikambembeleza anionyeshe, akakataa, nikarudia, akatupa mwiko chini.

"Mtu huyo kila akimaliza kula alimwambia mama yangu, 'Taka'! Mama akabadilisha unga, akachekecha ulezi mara tatu, bado 'Taka', mbele yetu watoto, mpaka mama akawa anakula peke yake jikoni. Aliyeuita ugali wa mama yangu taka, na alale kwenye taka!"

Tangu siku hiyo hasemi nami. Mama, niendelee kumwuliza au nimwache? Na je, ni vibaya kutaka kumjua mtu mkatili namna hiyo?

Dominika

*

Marahaba, Dominika. Umezunguka kwa padre, kwa mwalimu, mpaka kwa shangazi mtaalamu wa ndevu, kumbe neno moja la Kidenmaki lililobaki katika ukoo wenu mnalilaani jikoni miaka hamsini na zaidi!

Nilipokuwa muuguzi nilifanya kazi na daktari mwanamke kutoka Denmaki. Siku ya kwanza nikampa chai, akasema, "Tak." Nikamnyang'anya kikombe, nikaimwaga chai, nikidhani ameona uchafu. Maskini, akabaki mikono mitupu, ananikodolea macho. Mwanangu, "tak" kwao ni asante. Wakimaliza kula humwambia hivyo aliyepika.

Waswidi na Wanorwe nao husema karibu vilevile, lakini Mjerumani hasemi hivyo, na wewe una kitabu cha padre. Mwombe mwalimu wako, kwa adabu, akakisome mwenyewe. Insha usibadilishe hata herufi.

Ila usianze kumpamba huyo babu. Seremala mzima, ajue kupima mbao, asijue kusema asante kwa lugha ya mkewe! Amwone mwenzake amehamia jikoni na sahani yake, asiulize kuna nini! Mkatili hakuwa. Mzembe alikuwa, na uzembe wake umemliza bibi yako hadi leo. Nawe umeniandikia habari za Denmaki, lakini jina la huyo mama aliyepika sikuliona popote. Kalitafute.

Sasa fanya hivi. Jumamosi nenda nyumbani, daftari uliache shuleni. Mpelekee bibi kuni. Songeni ugali wa ulezi, kaeni jikoni mle pamoja. Usimwambie alikosea, maana alisikia Kiswahili, na Kiswahili alikisikia sawasawa. Mwambie tu kwamba mama yake alishukuriwa kila siku, mbele ya watoto wake, ila hakuna aliyemtafsiria. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, rudi Jumamosi ya pili.

Kaburi usilitaje. Atakapokuwa tayari atasimama mwenyewe, nawe umfuate na jembe la kupalilia.

Na kabla hujanawa mikono, mshukuru kwa Kifipa.